Amerithi Mali au Amerithi Kazi? Kufiwa, Kufilisika na Kupenda Tena katika Kezilahabi na Shaaban Robert

Muhula uliopita, katika kipindi cha riwaya, mwalimu wetu alituuliza swali ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili wamewahi kuulizwa: kwa nini Tumaini, mhusika mkuu wa Dunia Uwanja wa Fujo, anaishia kwenye kitanzi? Majibu yalitoka haraka. Mmoja alisema ni Ujamaa. Mwingine alisema ni ubepari wa Tumaini mwenyewe. Wa tatu, ambaye husoma kuliko sisi sote, alisema ni udhanaishi wa Euphrase Kezilahabi, kwamba katika riwaya zake za mwanzo mhusika mkuu haponi: Rosa anajiua, Kazimoto anajiua, Tumaini ananyongwa. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Tumaini hakuganduka." Darasa zima likacheka. Walicheka kwa sababu nilichomeka neno la Kirundi katika kipindi cha Kiswahili, tena neno la msibani. Mwalimu hakucheka. Aliniambia, "Dada, hilo ukaliandike." Insha hii ndiyo niliyoandika.

Kwa msomaji asiye Mrundi, inafaa nieleze neno hilo kwanza. Kwetu mtu akifa, watu hukusanyika nyumbani kwa marehemu kwa siku kadhaa. Huo ndio ikiriyo, sawa na matanga ya Waswahili. Baadaye kuna siku ya kuondoa msiba kwa sehemu, tunayoiita guca ku mazi. Kisha, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au zaidi, familia huita tena ndugu, majirani na marafiki ili kuondoa msiba kabisa. Huko ndiko kuganduka. Siku hiyo watu hunywa, hula, na mkubwa wa familia husimama akahutubia. Tulipoganduka mama yangu, mjomba alisema mambo matatu: nani aliyekuwa akimdai marehemu, nani aliyekuwa akidaiwa naye, na nani atakayeshika shughuli zake. Ni hilo jambo la tatu ninalotaka kulitumia kama kipimo cha uhakiki. Swali langu kwa kila mhusika aliyefiwa ni hili: marehemu alipoondoka, huyu aliyebaki amerithi mali, au amerithi kazi?

Hoja yangu ni kwamba fasihi ya Kiswahili inapotuonyesha mtu aliyefiwa, akaanguka katika maisha, kisha akapenda tena, kupona kwake hakutokani na kurudishiwa kilichopotea. Anapona anaposhika kazi iliyoachwa na aliyekufa. Nitaitazama riwaya ya Kezilahabi kama mfano wa mtu aliyetafuta kurudishiwa, na maandishi ya Shaaban Robert kama mfano wa mtu aliyeshika kazi. Katikati nitaigusa Siku Njema ya Ken Walibora kwa ufupi.

Kabla ya hapo sina budi kusema ninaposimama, maana msomaji ana haki ya kujua ni macho gani yanayosoma vitabu hivi. Mimi si kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari akaingia chuoni. Nilikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Mama yangu alikuwa na meza yake katika soko kuu la Bujumbura, na Kiswahili changu nilikipata hapo na kwa wateja wa Buyenzi, wala si vitabuni. Mama alinifundisha kukunja kitenge cha yadi sita hivi kwamba pindo lenye maandishi ya kiwanda libaki juu, mteja alisome kabla hajauliza bei. Jumapili tarehe 27 Januari 2013, asubuhi, soko lile liliungua. Waswahili husema siku njema huonekana asubuhi. Asubuhi ile tuliuona moshi tukiwa nyumbani, na tulipofika mjini hapakuwa na meza ya kuokoa.

Wafanyabiashara wengine walihamia Ruvumera, wengine Kamenge. Mama aliuza vipande vichache alivyokuwa ameviweka nyumbani. Mimi niliona aibu kurudi chini, kupanga bidhaa kwenye turubai. Nikakopa, nikafungua duka hapa Gasenyi, juu huku kaskazini mwa mji, ambako siku hizi watu wakielekezwa njia huambiwa "upande wa Ikulu mpya", ile iliyojengwa na Wachina. Wakati huo Ikulu haikuwapo na wateja pia hawakuwapo. Mwaka 2015 ulipofika na misukosuko yake mjini, hata wale wachache walikoma kupanda. Nilifunga duka nikabaki na deni. Mama alifariki mwaka 2017. Hadi anafumba macho alikuwa akiniuliza, "Deni umefika wapi, mwanangu?" nami nikimdanganya.

Basi nilipoanza kumsoma Tumaini, nilimsoma kama mtu ninayemfahamu. Riwaya ilichapishwa mwaka 1975. Tumaini ni mtoto wa Kapinga, na anarithi mali ya baba yake akiwa bado hajajua mali hutoka wapi. Anaitumia kwa starehe na wanawake. Baadaye anajirudi: anamwoa Anastasia, anatulia, anakuwa mkulima mkubwa mwenye kuheshimiwa. Hapo msomaji anapumua. Mtu aliyepotea amepata mke, amepata shamba, amepata jina. Kisha inakuja siasa ya vijiji vya Ujamaa, na shamba linaguswa. Tumaini anamwua mkuu wa wilaya, naye anahukumiwa kunyongwa.

Wahakiki wengi huanzia kwenye tukio hilo la mwisho, na wana sababu. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967. Katikati ya miaka ya 1970 Watanzania wengi mno walihamishwa kwenda kwenye vijiji vipya, baadhi yao kwa nguvu. Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, aliandika mambo yakiwa bado moto. Anayesema riwaya hii haihusu siasa atakuwa hajaisoma. Lakini usomaji wa kisiasa peke yake unatuachia swali moja bila jibu. Watu wengi walipoteza mashamba wakati ule. Waliobaki na wake zao, watoto wao na mikono yao wakaanza tena, kwa uchungu, mahali pengine. Kwa nini Tumaini hakuweza? Anastasia yupo hai. Nguvu anazo. Ameshawahi kuanguka akainuka. Kwa nini mara ya pili hawezi?

Jibu langu ni kwamba hata mara ya kwanza hakuinuka. Alirudishiwa tu. Tazama anachokijenga baada ya kuoa: ni kile kile alichokipoteza, yaani mali, ila safari hii ameichuma mwenyewe. Kapinga alipokufa aliacha mali, na mwanawe akaipokea kama mtu anayepokea mzigo uliofungwa, bila kuuliza baba alikuwa akifanya nini kwa mikono yake kila siku na kwa ajili ya nani. Urithi ukaisha. Tumaini akafanya juhudi ya kuujaza tena. Kwa nje inaonekana ni mtu mpya, kwa kuwa mlevi wa starehe amekuwa mchapakazi. Kwa ndani kipimo chake cha utu hakijabadilika: mimi ni kile nilicho nacho. Ndiyo maana shamba linapoondoka, kwake hakibaki kitu, wakati sisi wasomaji tunaona kabisa kwamba kimebaki kitu, tena kimeolewa naye.

Hapa ndipo ninapomlaumu kidogo Kezilahabi, ingawa namheshimu sana, na nilisikitika alipofariki Januari 2020. Anastasia anaingia katika riwaya kama dawa. Thamani yake kwa msomaji hupimwa kwa alichomfanyia Tumaini: amemtuliza, amemfanya kuwa mtu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alitetea jambo hili akasema, "Lakini dada, ndivyo ilivyo katika maisha. Mwanamume mpotevu hupona kwa mke mwema." Nilimjibu kwamba dawa ikishamezwa haionekani tena, na hivyo ndivyo inavyomtokea Anastasia. Tumaini anapofikiri juu ya alichopoteza, hamhesabu mke miongoni mwa alivyobaki navyo, kwa sababu tangu mwanzo mke alihesabiwa upande wa shamba, kama sehemu ya utulivu uliokuja pamoja na mali. Huenda Kezilahabi alikusudia tuone hivyo hivyo. Huenda alitaka tuone kwamba mapenzi yaliyowekwa juu ya mali huporomoka nayo. Kama ni hivyo, basi riwaya ni kali zaidi kuliko tunavyofundishwa, na lawama yangu inageuka sifa. Nawaachia wasomaji wengine waamue. Lakini vyovyote iwavyo, swali la msibani linasaidia kuliona: Tumaini amerithi mali. Kazi hakurithi.

Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, inaelekea upande mwingine kabisa. Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, angali mtoto, ananyanyaswa, na anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba. Jina la kitabu linachukua nusu ya ile methali niliyoitaja na kuiacha nusu nyingine, na hapo ndipo penye akili ya mwandishi: asubuhi ya Kongowea haikuwa njema hata kidogo, na bado siku ikaja kuwa njema. Nilikipenda kitabu hiki. Kimewasaidia vijana wengi wa Kenya waliokisoma kwa ajili ya mtihani, na ningefurahi kisomwe hapa Burundi pia. Ninachotaka kukiangalia ni kile anachokibeba Kongowea kutoka kwa mama. Mama alikuwa mtu wa maneno na sauti. Mtoto anakuwa mtu wa maneno na kalamu. Kwangu mimi hicho ndicho kinachomwokoa, hata zaidi ya kumtafuta baba. Msomaji kijana hushangilia safari. Mimi niliyefiwa nikiwa mtu mzima nilishangilia urithi wa ufundi. Kongowea hakuachiwa mali. Aliachiwa kazi ya lugha.

Sasa nije kwa Shaaban Robert, maana kwake jambo hili halijafichwa ndani ya hadithi. Alizaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, na baadaye karani katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni, Mpwapwa kisha Tanga. Sisi tunamwita mshairi mkuu wa Kiswahili, lakini mtu huyu asubuhi aliamka akaenda ofisini kuandika barua za watu wengine. Mwenye kipaji kama chake, katika serikali iliyopanga watu kwa rangi zao, hakuwa na ngazi ya kupanda. Sisemi alishindwa. Nasema kwamba kama tungempima kwa kipimo cha Tumaini, yaani cheo na mali, tungesema alishindwa.

Katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini anasimulia pia jinsi alivyofiwa na mkewe, Amina. Shairi alilomtungia linajulikana kwa wanafunzi wote wa Kiswahili. Walimu hulitumia kufundisha taswira na mizani. Mimi nataka tulitazame kama tendo la msibani. Mshairi anazungumza na Amina mwenyewe, anamwombea, anakubali mbele ya watu kwamba ameondoka. Kwa lugha yetu ya Kirundi, ile ni hotuba ya siku ya msiba, isipokuwa mhutubu ameichapisha ili majirani wote wa lugha ya Kiswahili waisikie. Kisha anafanya jambo ambalo Tumaini hakulifanya. Anatazama kazi aliyoiacha marehemu, na kazi hiyo ni watoto.

Utenzi wa Hati aliutunga kwa ajili ya binti yake, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Ukivisoma bila kujua vilitoka wapi, unaweza kuviona kama mawaidha mengi yaliyopangwa kwa vina: usafi, ibada, heshima, nyumba, mume. Wanafunzi wa kike katika darasa letu huchoshwa na Hati, nami nilikuwa mmoja wao. Inamtaka binti awe mtiifu kuliko ambavyo mimi niko tayari kuwa. Uhakiki huo ni wa haki na sitaufuta. Lakini weka Hati kando ya Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858, uone kitakachotokea. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa. Alimwita bintiye, Mwana Hashima, akamwachia wasia wa jinsi mwanamke anavyopaswa kuishi na Mungu, na watu, na mume. Ni mama anayejua kwamba hatakuwapo, anayefanya mapema kazi ambayo angeifanya kwa miaka mingi. Katika pwani ya Waswahili, kumfunda binti ni kazi ya wanawake: mama, bibi, somo. Sasa Amina amekufa. Nani atamfunda binti? Baba anachukua kalamu ya mama. Karani wa serikali anakaa usiku akitunga maneno ambayo kwa desturi yangetoka kinywani mwa mwanamke, akifuata njia ile ile aliyoipita mwanamke wa Pate karibu miaka 100 kabla yake.

Nikiisoma hivyo, Hati haipunguzi ukali wake kwa wanawake, lakini inapata uzito mwingine. Naona mwanamume aliyefiwa akijifunza kazi isiyo yake. Na ni mwanamume huyo huyo, aliyekwisha kumwaga machozi yake hadharani na kuishika kazi ya marehemu, ambaye baadaye alioa tena. Wasomaji wengine huona kuoa tena kama kunampunguzia Amina heshima. Mimi sioni hivyo. Kwa desturi zetu, kuganduka hakumwondoi marehemu. Kunaondoa katazo juu ya walio hai. Tumaini alioa ili ajazwe pengo. Shaaban Robert alioa akiwa ameshalitambua pengo, amelitaja kwa jina, na anajua halijazwi.

Mwenzangu anayesoma kuliko sisi sote alinipinga tena nilipomsomea sehemu hii. Alisema ninalinganisha vitu visivyolingana, kwa kuwa Tumaini ni mhusika wa kubuniwa na Shaaban Robert ni mtu aliyejiandika mwenyewe, na kila mtu akijiandika hujipamba. Hoja hiyo ina nguvu. Tawasifu ya Shaaban Robert ni ya mtu aliyetaka maisha yake yawe mfano mwema, na hatuna ya Amina ya kuilinganisha nayo. Nakubali. Lakini mimi silinganishi nani alikuwa mtu mwema zaidi. Nalinganisha namna mbili za kuandika kuhusu kuanza upya. Katika namna ya kwanza, mwandishi anatuonyesha kilichorudi: nyumba, shamba, mke. Katika namna ya pili, anatuonyesha kinachofanywa: kufunda, kulea, kuandika. Namna ya kwanza inaweza kuchomwa moto asubuhi moja. Naijua asubuhi hiyo.

Sasa niseme kwa nini jambo hili kwangu si la mtihani tu. Jirani na lililokuwa duka langu yupo fundi cherehani. Zamani alikuwa akinunua kwa mama mabaki ya vitenge, vile vipande vya mwisho wa jora. Mama alipofariki alikuja ikiriyo siku zote, akakaa nje pamoja na wanaume wengine, hakusema mengi. Yeye ni mgane. Mkewe alifariki akamwachia binti mdogo. Baada ya sisi kuganduka alisubiri kwa miezi, kisha akazungumza nami. Nilimkatalia. Akarudi mwaka uliofuata, nikamkatalia tena. Shangazi yangu alinijia juu: "Mwanangu, unamngoja nani?" Nilimwambia shangazi kwamba siwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, na deni juu. Nilitaka kwanza nilirudishe duka. Nikilirudisha, nitakuwa mtu, na mtu ndiye anayeolewa.

Niliyasema hayo kwa kinywa changu, na wiki ile ile nilikuwa naandaa maelezo ya darasani juu ya Dunia Uwanja wa Fujo. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu, kwa wino mwekundu, kwamba kosa la Tumaini ni kudhani kuanza upya ni kurudishiwa. Nilisoma sentensi yangu mara mbili. Sikulala vizuri usiku ule.

Si kwamba riwaya ilinipa mchumba; mchumba alikuwapo hatua 20 kutoka mlangoni. Riwaya ilinionyesha hesabu niliyokuwa nikiipiga. Nilikuwa nimemrithi mama deni na aibu, nikadhani hayo ndiyo yote aliyoniachia, kwa hiyo nikataka kuyafuta kwanza. Kumbe siku ya kuganduka mjomba alipouliza nani atashika shughuli za marehemu, nilinyamaza, kwa sababu soko lilikuwa majivu na duka limefungwa. Nilidhani shughuli za mama zilikuwa biashara. Sikukumbuka kwamba mama alikuwa akifundisha. Wasichana wangapi wa soko walijifunza kwake kupima, kukunja, kuhesabu, kumjibu mteja mkali kwa Kiswahili laini? Nami nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza.

Siku moja nilimkuta yule binti wa fundi akivuruga vitambaa vya wateja wa baba yake. Baba alikuwa amekwenda kutafuta uzi. Nilichukua kitenge kimoja nikamwonyesha kukikunja, pindo lenye maandishi likabaki juu. Alikunja cha pili, cha tatu. Aliponiuliza kwa nini maandishi yabaki juu, nilimjibu kwa maneno ya mama yangu, na sauti yenyewe ilitoka kama yake. Fundi alirudi akatukuta hivyo. Nilianza kumweleza habari za deni, kwamba bado miaka kadhaa, kwamba duka sina uhakika nalo tena. Akanikatiza: "Dada, mimi sikuulizi habari za duka."

Najua hatari ya insha kama hii. Mhakiki akiingiza maisha yake katika kitabu, anaweza kuona uso wake kila ukurasa na asimwone mwandishi. Huenda nimemfanyia Tumaini hivyo. Wenzangu wataniambia. Lakini naamini pia kwamba uhakiki usio na chochote cha kupoteza huwa mwepesi. Tunajifunza kutaja dhamira ya "mapenzi" na dhamira ya "kifo" kama vile ni makabati mawili, tukaweka mifano ndani yake na kufunga. Katika vitabu hivi mambo hayo mawili yako nyumba moja. Mtu anazikwa, na siku za baadaye kuna mtu anapendwa, na swali la mwandishi ni nini kilichotokea kati ya siku hizo mbili. Kezilahabi anatuonyesha kwamba ikiwa kati yake imejazwa mali peke yake, mwisho ni mbaya. Shaaban Robert anatuonyesha mtu aliyejaza kati yake kwa kazi ya marehemu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wetu ni dogo. Hati isifundishwe peke yake kama mawaidha, na Dunia Uwanja wa Fujo isifundishwe peke yake kama siasa. Zisomwe katika muhula mmoja, pamoja na Mwana Kupona, na kila mwanafunzi aulizwe juu ya kila mhusika aliyefiwa: amerithi nini? Katika nchi kama yetu, ambamo karibu kila dawati lina mwanafunzi aliyemzika mtu, nadhani majibu hayatakuwa ya kukariri.

Mimi nimeshajibu kwa upande wangu. Familia zimekutana na siku imepangwa, mwezi wa nane, mvua zikiwa bado mbali. Deni halijaisha. Binti yule sasa anakunja vitenge haraka kuliko mimi, na jioni tunasoma pamoja. Ameanza kusoma Kiswahili kwa sauti, akikosea ngeli na kucheka. Hati bado sijamsomea. Nitamsomea akikua, na pale ambapo sikubaliani na mshairi nitamwambia sikubaliani, na kwa nini.